Nzilani Alivyompisha Mtoto wa Bosi

Sogeeni niwape ya Nzilani, dereva wa mbio za magari. Bosi wake Mbaluto alikuwa na madereva wawili tu, Nzilani na Musyimi. Musyimi ni mtoto wa bosi, basi akapewa matairi mapya, Nzilani akapewa yaliyolika, vipara vitupu. Na huyo Musyimi kazi yake kuchana nywele kwenye kioo!

Asubuhi ya mbio bosi akasema, "Atakayeshindwa na mwenzake anaacha gari. Na wewe Nzilani, ukiwa mbele, simama umpishe mwanangu."

"Nimpishe wapi, mzee?"

"Popote utakapo!"

"Na akishapita?"

Bosi akacheka. "Ukimpata tena, mpite. Na vipara hivyo!"

Jioni bosi kasimama mwisho wa mbio na shada la maua. Akatokea Nzilani, peke yake.

"We! Sikukwambia umpishe?"

"Nimempisha, mzee. Mtoni. Maji yamejaa, nikasimama, akanipungia mkono akaingia. Gari lake lilipozama likabaki paa, ndipo nikajua shimo liko wapi, nikapita kando."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Juu ya paa, anachana nywele. Gari ameshaliacha."