Moshi wa Kinywani

Mwanamke aliyeshikwa na uchungu hana la kumficha mkunga. Akiona haya, anayeumia ni mtoto. Ndiyo maana wahenga wakanena kuwa mficha uchi hazai, na neno hilo haliishii chumba cha uzazi. Humfuata kila mwenye shida anayejifunika ili asichekwe, hata awe mwalimu, hata awe ng'ambo.

Mwalimu wa hadithi hii alikwenda nchi ya mbali kufundisha Kiingereza darasa la jioni la watu wazima. Mumewe angemfuata akimaliza mkataba wake wa kazi. Binti yao wa miaka miwili, ambaye kwa kutotulia kwake aliitwa Tiara, kama kishada kwenye upepo, alikwenda na mama yake, lakini kwa sharti la bibi yake, mama wa mwalimu.

"Mchukue," Bibi alisema siku ya kuagana. "Ila nikisikia mjukuu wangu anateseka huko, unaniletea. Hatutabishana."

Mwalimu aliitikia. Kutengana na Tiara kwake kulikuwa sawa na kukatwa mkono.

Walifika majira ya joto, wakati mchana ulikuwa mrefu na jua likichelewa kuzama kama mgeni asiyejua kuaga. Kwenye ukuta wa chumba chao palikuwa na chuma chenye mbavu nyingi. Mwalimu akafurahi. "Wenzetu wana akili! Hata pa kuanikia nguo za mtoto wamepajenga!" Pembeni ya chuma kile palikuwa na koki ndogo, na Tiara hakuisha kuichezea. Mama akaikaza kwa nguvu zake zote, akaizungushia kitambaa na kukifunga fundo, mtoto asije akamwaga maji. Kisha akaisahau.

Majani yakageuka rangi, yakapukutika, miti ikabaki mifupa mitupu. Baridi ikaingia chumbani bila kupiga hodi. Mwalimu aliamini kwamba nyumba zote ziko hivyo, na kwamba wenyeji wameizoea tangu tumboni mwa mama zao. Yeye na mwanawe wakawa wanalala na makoti. Asubuhi meno yao yaligongana kama vikombe kwenye sinia. Tiara akapata mafua yasiyokauka, kisha kikohozi.

Katika chumba cha chini yao aliishi fundi cherehani, mama wa makamo, ambaye pia alikuwa mwanafunzi wa mwalimu. Darasani alikuwa kama bubu. Aliketi nyuma kabisa akaandika, asitamke neno.

"Sema tu, mama," mwalimu alizoea kumbembeleza. "Hapa hachekwi mtu. Kosa lililofichwa halisahihishwi."

Fundi alitikisa kichwa. Lakini walipokutana ngazini, alimtazama Tiara aliyefungwa nguo kama mzigo wa safari, akauliza kwa kidole tu: vipi huyu?

"Hatujambo, hatujambo!" mwalimu alijibu, akapanda mbio. Mwalimu mzima amuulize mwanafunzi wake namna ya kuishi ndani ya nyumba? Aibu iliyoje!

Jumamosi moja asubuhi, Bibi akapiga simu ya picha.

"Wewe!" akashtuka kabla ya salamu. "Sigara umeanza lini?"

"Sigara? Mama, mimi sivuti."

"Usinifanye mtoto. Huo moshi unaotoka kinywani ni wa nini?"

Mwalimu akafumba mdomo. Tiara naye akaidaka simu. "Bibi! Bibi!" Na kila "Bibi" ikatoka na moshi wake.

"Mungu wangu! Hata mjukuu wangu!"

Mwalimu akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio. "Si moshi, mama. Ni pumzi. Ni baridi."

"Kwani mko nje?"

"Tuko ndani."

Mwalimu akaingoja hukumu huku amemkumbatia mwanawe.

"Jirani zako nao wanatoa moshi?" Bibi akauliza hatimaye.

"Sijui, mama. Naona haya kuuliza. Wa chini yetu ni mwanafunzi wangu."

"Sikiliza. Nilipokuwa nakuzaa wewe, mkunga alikuwa wifi yangu. Nikajibana, nikajifunika khanga. Akaniambia, 'Wifi, uone haya au uone mtoto. Chagua.' Nami nikachagua, ndiyo maana upo. Haya, shuka ngazi. Ukirudi na moshi huohuo, nifungashie mjukuu wangu."

Mwalimu akambeba Tiara kiunoni, akashuka, akagonga. Mlango ulipofunguliwa, joto likampiga usoni. Fundi alikuwa peku, na blauzi ya mikono mifupi!

"Kwangu kuna baridi," mwalimu akasema polepole. "Sijui nifanyeje. Nisaidie."

Fundi akafungua kinywa, akakifunga, akamtazama mtoto. Kisha Kiingereza kikamtoka kwa mara ya kwanza, maneno yamepandana kama nguo kapuni. "Mimi kila siku uliza! Wewe kila siku kimbia!"

Wakapanda pamoja. Fundi akaziona soksi zilizoanikwa kwenye chuma, akakiona na kitambaa chenye fundo.

"Nani funga?"

"Mimi. Mtoto asimwage maji."

Fundi akajitupa kitandani kwa kicheko, akajipangusa macho. Kisha akafungua fundo na kuizungusha koki. Chuma kikanguruma kama tumbo lenye njaa, maji ya moto yakapita ndani yake, kikaanza kupata joto. Tiara akakigusa kwa kiganja, akakiondoa upesi. "Moto!"

Mwalimu akaketi sakafuni karibu nacho. Mabega yake, yaliyokuwa yamepanda masikioni tangu majani yapukutike, yakashuka yenyewe.

Alasiri Bibi akapiga tena. "Hebu pumueni wote wawili." Wakapumua. Picha ikabaki safi. Bibi akapumua naye. "Basi. Kaa huko na mwanao."

Jumatatu mwalimu aliisimulia koki ile mbele ya darasa zima. Watu wakacheka mpaka madaftari yakaanguka. Nyuma kabisa mkono ukainuliwa. "Mimi fungua!" fundi akatangaza kwa fahari, makosa yake na yote, na tangu siku hiyo kumnyamazisha ndiyo ikawa kazi.

Theluji ilipoyeyuka na miti kuchipua, kikohozi cha Tiara kilikuwa kimekwisha zamani. Alishuka ngazi akirukaruka, bila koti, kwenda kuokota vitambaa kwa fundi, na mama yake akamfuata taratibu huku akitabasamu. Mtoto wake alikuwa bado wake, kwa sababu siku moja alikubali kuchekwa. Ama kweli, mficha uchi hazai.