Sultani Aliyeuonea Wivu Msala

Siku ile, baada ya sala ya alasiri, waliokuwapo katika jumba la mji wa Tarfa ni hawa: Sultani Shamhuni, mwenye mji, mkewe Mwanazuhura, aliyekuwa bado juu ya msala, Bi Salme, yaya aliyemlea Sultani tangu ananyonya, na jini Hamtari, aliyefungwa ndani ya pete ya Sultani ili amtumikie.

Na Sultani alikuwa amesimama nyuma ya pazia, na moyo unamchoma, maana mkewe alinong'ona na kutabasamu, na kunong'ona tena, na kahawa ambayo Sultani alimwandalia mkewe kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa imeshapoa.

"Mwanangu," akasema Bi Salme, "umemaliza watu wa kuwaonea wivu, sasa umemfikia Mungu?"

"Anataja watu, yaya. Nimeiona midomo. Wallahi, akitaja mwanamume mwingine, leo hii hii namrudisha kwao!"

Akaisugua pete, na Hamtari akatoka, akajifanya mdogo kama sisimizi, akapita chini ya msala. Aliporudi alikuwa analia, naye ni jini aliyewahi kubeba mlima bila kuguna.

"Amewataja wanaume wengi, maulana. Wa kwanza ni wewe: anaomba kifua chako kipate raha. Kisha mpishi mwenye jicho bovu. Kisha bawabu aliyefiwa. Kisha mimi."

"Wewe!" Sultani akafoka. "Wewe nani hata akutaje?"

"Hata mimi sijui. Amesema, 'Mola wangu, yule anafanya kazi zote na hakuna anayemwambia ahsante.' Miaka mia saba, maulana, sijapata kuombewa."

Sultani akakaa chini kwa aibu, na bado wivu ulimkereketa, na kiapo alikuwa ameshakila.

"Yaya, nimpoteze mke kwa ulimi wangu?"

"Kiapo kina kafara. Mwache huru aliye kifungoni. Na humu ndani aliyefungwa ni mmoja tu."

Sultani akaitazama pete iliyomjengea jumba na kumjazia hazina, akaivua taratibu, akasema, "Nenda, Hamtari. Na ahsante."

Jini akambusu mkono, akatoweka.

Kisha Sultani akalipita pazia, akaketi nyuma ya mkewe.

"Wamebaki wangapi?"

"Mji mzima, bwana wangu."

"Basi nitangoja," akasema, na ilimuuma kusema hivyo. Na hapo ndipo alipojua, nanyi wasikilizaji mjue, ya kuwa mke amchaye Mungu kwa moyo wote hampunguzii mumewe fungu lake.

Walikaa pamoja miaka thelathini na mmoja, wakazaa watoto watano.