Supu ya Kuku Nyumbani kwa Mkathari

Wapendwa, habari hii sikusimuliwa na mtu. Niliiona kwa macho yangu mwenyewe, nimesimama pale mlangoni. Namwona mzee wa kanisa hapo mbele ameshakunja uso, anapiga hesabu kwamba mambo ya Wakathari ni ya miaka mia saba na kitu iliyopita, kule kusini mwa Ufaransa, na mhubiri huyu aliishia darasa la saba hapahapa kwetu. Kunja tu, mzee wangu. Nilikuwepo.

Kulikuwa na mke wa mfumaji mmoja wa nguo. Mumewe alishikwa na homa mpaka macho yakazama kichwani. Sasa hawa walikuwa Wakathari kwa siri. Wakathari waliamini kwamba roho ni ya Mungu, bali mwili na dunia hii tunayoikanyaga ni kazi ya yule mwovu, na roho imefungiwa humu ndani kama mfungwa. Dawa ilikuwa moja tu: kuwekewa mikono na mmoja wa wale walioitwa Watu Wema. Lakini ukishawekewa mikono, basi. Nyama huli, yai huli, maziwa hunywi, uongo husemi. Ukionja mchuzi wa nyama hata tone, umejirudisha gerezani. Ndiyo maana wengi walingoja mpaka wawe kufani. Mtu anayekata roho atamtamani mbuzi wa nini?

Yule mume akawekewa mikono jioni, mkewe akamlilia, akamaliza. Asubuhi mgonjwa akafumbua macho akasema, "Mke wangu, nina njaa."

Mngefurahi, sivyo? Yule mama alichungulia nje kwanza. Watawa wachunguzi walikuwa wameshaingia mjini kuwasaka Wakathari, na swali walilomuuliza kila mtu lilikuwa hili: ni nyumba gani haipiki nyama? Wakikujua, ni moto. Alikwisha kusikia kwamba mji wa pili mgonjwa alibebwa na kitanda chake mpaka kwenye kuni. Akaketi akimtazama mumewe, asijue amwombee apone au amwombee nini.

Mara akasikia sauti ya jirani yake inakuja na kichochoro kizima.

"Nipisheni jamani, nina supu ya moto. Nimemchinjia mgonjwa kuku. Wewe fundi viatu, mzuie mbwa wako, hii si yake."

Jirani huyo alikuwa mtu wa misa kila kukicha, na mdomo wake haukujua kupumzika. Fundi viatu akaacha kazi akamfuata mpaka mlangoni, mbwa nyuma yake.

"Hodi, mwenye nyumba."

"Jirani, amelala."

"Amelala huku ananitazama? Habari za kuugua, baba? Leo utakunywa hii mpaka uone chini ya bakuli."

"Tumbo linamsumbua."

"Tumbo la mtu asiyekula litaacha kusumbua? Sogea, mama. Nitamlisha mwenyewe."

Mke akachungulia bakuli. Mafuta ya rangi ya dhahabu yalikuwa yanaelea juu. Kwenye mkono wa gauni la jirani kulikuwa na manyoya ya kuku. Akamtazama mumewe, naye mumewe, kwa njaa ile, alikuwa ameshafungua mdomo kama kinda la ndege. Ninyi mngefanyaje? Akila, roho imekwenda. Asipokula, fundi viatu yuko mlangoni anaona. Kijiko kilipofika kwenye mdomo, yule mama akalipiga bakuli likaruka mpaka sakafuni, likavunjika.

Jirani akainama kana kwamba anaokota vipande, akamnong'oneza sikioni. "Umefanya nini, mwenzangu? Hamna kuku humu. Ni dengu, vitunguu na mafuta ya zeituni. Manyoya nimeyaokota bandani nikajibandika. Nimepiga kelele mtaa mzima ili wasikie kwamba nyumba hii inakula nyama."

"Kumbe na wewe…"

"Ulidhani yule Mtu Mwema alipotoka hapa jana alilala wapi?"

Wakati huo mbwa wa fundi viatu amepita katikati ya miguu ya watu, amefika kwenye supu iliyomwagika. Akanusa. Akapiga chafya. Akaondoka zake bila kulamba.

Fundi viatu alimtazama mbwa. Akawatazama wale wanawake wawili. Kisha akaondoka, na hakurudi kwenye viatu vyake. Alishika njia ya kule walikofikia watawa.

Jirani akavua shuka lake, akamfunika nalo mgonjwa, akamshika miguu. "Shika kichwa," akasema. "Tupitie nyuma." Wakatoka naye.

Sasa wapendwa, simsifii mtu imani ya Wakathari. Mimi chai yangu ya maziwa siiachi, na huyu Mungu aliyeumba roho ndiye aliyemwumba na ng'ombe. Ninasema habari yetu sisi. Yule mama aliyatazama manyoya, akasema namjua mtu huyu. Na sisi je? Dada akija na gauni fupi, tunamjua. Kijana akiketi benchi la nyuma, tunamjua. Nani katika sisi hajampiga mtu bakuli mkononi, halafu akarudi nyumbani akiamini ameitetea imani? Tunaogopana mpaka anayekuja kutuficha tunamvua nguo mbele ya adui. Mtawa hakuwa na kazi hapo. Hakufika hata mlangoni. Kazi yote tulimfanyia sisi.

Basi na tuombe. Lakini kabla hamjafumba macho, mzee wa kanisa ananidai ukweli, na mimi nimesimama madhabahuni. Yote niliyosema yako sawasawa na nilivyoyaona, isipokuwa moja nililolitia mwenyewe kwa kuwahurumia. Lile la jirani kumshika mgonjwa miguu. Mimi nilimwona akisimama, akijifuta mikono, akimtazama yule mama. Kama alishika miguu au alishika njia ya kwake, hilo sikuliona.