Wa Pili Kati ya Mmoja

Jumamosi moja, saa nne na robo asubuhi, mbwa mmoja alishika nafasi ya pili katika shindano lililokuwa na mbwa mmoja.

Narudia, maana naona mzee wa kanisa pale mbele ananitazama kama nimeruka mstari. Mbwa alikuwa mmoja. Akawa wa pili. Iliwezekanaje?

Kulikuwa na mtu aliyefuga mbwa mkubwa wa ulinzi. Mjini kwao yakatangazwa maonyesho ya mbwa, katika uwanja wa shule. Kundi la mbwa wa ulinzi liliandikisha wawili tu: wake na wa jirani yake. Mtu yule aliutaka utepe wa buluu, ule wa mshindi. Aliutaka kiasi kwamba tangu Ijumaa alikwisha kugongomea msumari sebuleni wa kuutundikia. Kilichobaki ni jirani. Akaenda kumwona.

"Jirani, kweli utampeleka huyo? Mkia kama mwiko wa ugali! Watu watakucheka, halafu aibu nitaiona mimi."

Jirani akamtazama mbwa wake. Akautazama ule mkia. Kesho yake hakutokea.

Basi mtu wetu akaingia uwanjani peke yake. Mbwa ameoshwa, amechanwa, kucha zimekatwa. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani, na kitabu kidogo mkononi. Akafungua kinywa cha mbwa, akahesabu meno. Akapapasa mgongo. Akaagiza mbwa azungushwe uwanja, na mwenye mbwa akakimbia naye, tai ikimpiga begani. Watu wakacheka. Mwamuzi hakucheka, alikuwa akiandika. Mwisho akainua mkono ampapase mbwa kichwani. Akaandika. Akamwambia mwenye mbwa naye ainue wake. Akaandika tena, mstari mrefu kidogo.

Kisha akatoa utepe mwekundu. "Nafasi ya pili."

"Samahani, mama. Wa kwanza ni nani?"

"Leo hayupo."

"Sasa huyu wangu ameshindwa na nani?"

"Hakushindwa na mbwa. Mimi silinganishi mbwa na mbwa, bwana. Nalinganisha mbwa na kitabu. Kitabu kinasema mbwa wa ulinzi husimama imara mtu akimnyooshea mkono. Mimi nilipoinua wangu, alilala chini akafumba macho."

"Amekuogopa wewe, mama. Hakujui."

"Nami nilidhani hivyo. Ndiyo maana nikakuomba uinue wako. Ulipouinua, akajikojolea."

Mnacheka. Nami nilicheka nilipokuwa nikiuandaa mfano huu, mpaka nilipojiuliza: wiki hii mimi nimeusema mkia wa nani? Ni jirani gani tumembakiza nyumbani ili uwanja uwe wetu? Tukipiga magoti, je, hatumpelekei Mungu habari za watu wengine? Bwana, walau mimi si kama fulani. Fulani hata ibadani haji. Kana kwamba fulani asipokuja, sisi tunakuwa wa kwanza! Mungu ana kitabu chake, ndugu zangu, na katika ukurasa wako jina la jirani halimo.

Tena angalieni kilichomwangusha yule mbwa. Meno yalitimia. Manyoya yaling'aa. Aliyepimwa ni mbwa, lakini kilichoandikwa kilikuwa habari za bwana wake: yale aliyoyafanya nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Mfano haujaisha. Saa saba mchana mtu yule alifika kwake. Watoto wake wawili walikuwa mezani wanakula.

"Baba, umekuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Kati ya wangapi?"

Msumari ulikuwa ukimngoja, na utepe ni utepe hata ukiwa mwekundu. Akaenda ukutani, akainua mkono autundike.

Mbwa, pale mlangoni, akalala chini.

Na watoto, pale mezani, wakainamisha vichwa. Wote wawili, kwa pamoja, vijiko vikiwa bado mikononi.

Mkono ukabaki juu.

Sisi tunaokuja hapa tumeoga, tumechana, viatu vinang'aa. Sisi ambao kwaya ikiimba tunainua mikono hii hii juu, na watu wakituona wanasema yule ni mtu wa Mungu. Siwaulizi mikono yenu inafanya nini humu ndani. Nawaomba jambo dogo tu. Leo ukifika nyumbani, inua mkono uchukue kikombe juu ya kabati. Usikitazame kikombe. Watazame walio chumbani. Wakiendelea kuzungumza, mshukuru Mungu. Wakinyamaza, basi umesomewa ukurasa wako, na aliyekusomea si mchungaji.

Mtu yule alishusha mkono polepole, watoto wakimtazama. Utepe akauweka mezani. Akaketi sakafuni, hatua tano kutoka kwa mbwa, mikono magotini mahali inapoonekana. Watoto wakamaliza kula, wakatoa vyombo. Mbwa hakumsogelea.

Saa kumi kasoro dakika chache, mbwa alisogea hatua moja.