Friji la Bibi Harusi

Kontena la mashine la kampuni ya kigeni lilikuwa limekwama bandarini, na Bwana Ngwatu, ofisa wa bandari aliyelizuia, hakumficha Sikudhani, wakala wa kampuni hiyo.

"Bila friji la milango miwili halitoki. Lilete Jumamosi harusini kwa binti yangu. Nani atashuku zawadi?"

"Hapo umenena, mkuu."

Jumamosi Sikudhani aliingia ukumbini akicheza, wabebaji na friji nyuma yake. Mshereheshaji akamkabidhi kipaza sauti aitaje zawadi yake, kama wenzake walivyofanya. Meza ya mbele walikaa wakubwa wa bandari.

"Jamani, friji hili limetoka kwenye kampuni yetu, kwa ajili ya kontena ambalo baba wa bibi harusi..."

"Nimeshaliachia!" Ngwatu alipayuka. "Bure kabisa!"

"Wakubwa mmesikia," alisema Sikudhani, kisha akawageukia wabebaji. "Haya, lirudisheni dukani."