Ndafu Iliyokatwa Laivu

Kulikuwa na mchoma ndafu mmoja, kijana, maarufu kweli kweli, na hakuna mtu chini ya jua hili aliyewahi kula ndafu aliyoichoma.

Mmenisikia? Narudia kwa ajili ya walioko nyuma karibu na mlango, wale wenye mpango wa kutoka kabla ya sadaka. Mchoma ndafu. Maarufu. Na hakuna aliyewahi kula! Mama yule pale ameshika mdomo. Ushike vizuri mama, bado hatujafika.

Ndafu mnaijua. Mbuzi mzima, anachomwa taratibu tangu asubuhi mpaka mifupa inalegea, anapambwa kwa kabichi na karoti, anawekewa jani mdomoni kana kwamba alikuwa anakula akapitiwa na usingizi, kisha anaingizwa kwa muziki na vigelegele. Kwenye sherehe zetu pete unaweza kuisahau, mtu atakuazima. Ndafu ukisahau, utakula nini na wakwe?

Basi kijana huyu alianza vizuri. Alikuwa akimsaidia fundi mmoja wa nyama choma. Moto ulimbabua, moshi ulimliza, jasho likamchuruzika mpaka kwenye soksi. Siku moja fundi alitoka kwenda msalani. Kijana akasimama pembeni ya ndafu ya fundi, akajipiga picha, akairusha mtandaoni. Kabla fundi hajafunga zipu, ile mioyo myekundu ilikuwa inamiminika kwenye simu kama kumbikumbi walioona taa.

Kijana akashtuka. Kumbe? Kumbe macho hayaonji?

Hakurudi tena kwenye moto. Alinunua simu yenye kamera nzuri, kitochi cha gesi, kile mafundi friji wanachochomelea mabomba, rangi ya chakula, asali, na aproni nyeusi iliyoandikwa MFALME WA NDAFU. Mbuzi akishachinjwa na kuchunwa, anapakwa rangi, anapakwa asali, anababuliwa juu juu kwa kitochi mpaka anang'aa kama kabati jipya. Picha! Video! Kisha mbuzi huyo huyo, mbichi kabisa kwa ndani, anakatwakatwa na kwenda kwenye sufuria la supu nyumbani kwa mama yake. Mama wa watu akawa anakunywa supu na kumshukuru Mungu kwamba mwanawe ameshatoka kimaisha.

Oda zilikuja. Kijana aliogopa, akajibu, "Samahani sana, nimejaa mpaka mwakani." Jamani! Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kumtaka. Na alipoona wanamtaka hivyo, akafungua darasa. Ndiyo, darasa! Kila asubuhi anajirusha laivu, ameshika kisu ambacho hakijawahi kukata nyama iliyoiva, anawaambia vijana wenzake, "Mafanikio yako kichwani, familia! Jione umeshafika! Usiwaoneshe jikoni, waoneshe mezani!" Na vijana huko chini wanaandika, "Napokea, mfalme."

Wanapokea nini? Nawauliza ninyi, wanapokea nini?

Lakini jambo la kutisha zaidi si kwamba alidanganya. Jambo la kutisha ni kwamba yeye mwenyewe aliamini. Ukijitazama kila siku kwenye simu ukiwa fundi, hata mikono inasahau kwamba haijui kazi.

Sasa kijana huyu alikuwa na mchumba. Binti anauza vifaranga sokoni, mchangamfu, simu yake ya kubonyeza vitufe imefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Huyu hakumpenda kwa ajili ya picha. Alimpenda tangu alipougua malaria, kijana akamletea uji na mayai ya kuchemsha, akamnywesha kijiko kwa kijiko huku binti akilia kama mtoto. Na kijana naye alimpenda. Alishamwambia rafiki yake, "Vyote vikiondoka sawa. Huyu akiondoka, mimi nimekwisha." Alimaanisha. Shikeni neno hilo.

Siku ya kumuaga binti ikapangwa, nyumbani kwa wazazi wake, hema uani, viti vya kukodi. Mama mkwe akamwita kijana.

"Mkwe wangu, watu wananiuliza ndafu tunanunua wapi. Nimewacheka! Ninunue ndafu na mimi mkwe wangu ni mfalme? Utatuchomea wewe mwenyewe, baba."

Kijana akafungua mdomo. Angeweza kusema neno hapo. Neno moja tu: sijui. Au matatu: mama, naomba msaada. Fundi wake wa zamani alikuwa hai, yuko pale pale, anakohoa moshi wake.

"Hakuna shida, mama," akasema.

Hakuna shida! Wapendwa, kuna watu wamezikwa kwa sentensi hiyo.

Siku ikafika. Asubuhi na mapema moto ukawashwa nyuma ya nyumba, makaa mekundu, safi, mbuzi mnono tayari kwenye chuma. Nataka mwelewe vizuri: muda ulikuwepo. Kama angemwacha mbuzi yule motoni, akamgeuza, akamgeuza tena, jioni wangekula. Pengine asingekuwa mtamu sana, lakini wangekula. Moto haujali wewe ni mfalme au ni mwanafunzi, unaivisha tu.

Ila moshi ulikuwa unaingia kwenye kamera.

Basi akamtoa mbuzi, akamlaza mezani, akapiga picha. Akamrudisha. Mwanga ukawa mzuri upande wa mgombani, akamtoa tena. Akarekodi akimpaka asali. Haikutoka vizuri, akarudia. Akaenda laivu kujibu maswali ya wafuasi. Jua likapanda, jua likaanza kushuka, mbuzi anaingia na kutoka motoni kama mtu mwenye tumbo la kuendesha.

Mama mkwe akapita na beseni la mchele.

"Mkwe, mbona moto unawaka peke yake? Mbuzi anapumzika?"

"Moshi unaharibu picha, mama."

"Picha! Kwani si tunamla?"

"Mama, hapa kuna watu elfu kumi wanatutazama."

Mama akageuka. Akatazama ua mzima. Akatazama mpaka nyuma ya choo. "Elfu kumi? Uuwi! Na mimi nimepika wali wa watu mia mbili!"

Mnacheka. Chekeni, mcheke sana, maana sasa hivi mtanyamaza.

Jua lilipokaribia kuzama kijana akamgusa mbuzi. Kwa ndani alikuwa baridi. Moyo ukamruka. Lakini mikono ikajua cha kufanya, ile mikono ya siku zote: rangi, asali, kitochi, shwaaa! Mbuzi akang'aa kama dhahabu. Kijana akamtazama kwenye kioo cha simu, si kwa macho yake, kwenye kioo. Na moyo ukatulia. Akasema, "Imeiva hiyo."

Imeiva!

Hema limejaa, taa zinawaka. Mshereheshaji anapiga kelele, "Simameni, ndafu inaingiaaa!" Muziki, vigelegele, akina mama wanacheza kwa kurudi nyuma, vijana wanne wamebeba sinia, mbuzi anameremeta na jani lake mdomoni. Simu zote juu. Simu ya kijana yenyewe iko kwenye kisimamio chake mbele ya meza, laivu, namba za watazamaji zinapanda. Binti akapewa kisu, kama desturi ilivyo, akate kipande cha kwanza amlishe mwenziwe. Gauni lake jeupe. Anacheka. Akachoma kisu pajani.

Kwanza ile rangi ikapasuka kama plasta ya ukuta. Kisha ikatoka damu.

Damu, wapendwa! Ikashuka juu ya kabichi, ikazunguka karoti, ikajaa kwenye sinia, ikadondoka kwenye gauni. Ndani nyama ilikuwa ya rangi ya waridi, mbichi, mbuzi kama aliyechinjwa dakika ile. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, bado yuko hai?"

Muziki ukakatika. Mshereheshaji, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa la kusema, akakiweka kipaza sauti juu ya kiti. Wa kwanza kushtuka, na aliyeshtuka kuliko wote, alikuwa kijana mwenyewe. Alikuwa amejiona ameshafika, na sasa anatazama damu ikichuruzika mezani kama mtu aliyeamshwa kwa maji ya baridi.

Na wageni je? Hapa ndipo pananitisha mpaka leo. Hakuna aliyeteremsha simu. Mzee mmoja mwenye tai akasema, "Nyie hamjui, hotelini huwa inaliwa hivi hivi." Na watu wakapiga makofi! Wanaona damu, na wanapiga makofi, kwa sababu tuko laivu, na nani anataka kuonekana mshamba?

Binti hakupiga kelele. Hakumtukana mtu. Alimsogelea kijana karibu kabisa, akamnong'oneza, "Moto bado unawaka kule nyuma. Irudishe. Watu wana soda, wali upo, muziki upo, tutasubiri hata ikiwa mpaka asubuhi. Nitakaa na wewe pale motoni na gauni langu hili hili. Twende."

Twende, amesema. Hakusema wewe ni mwongo. Hakusema umeniaibisha. Amesema twende.

Kijana akamtazama. Akatazama nyuma, akauona wekundu wa makaa ukimulika ukuta. Kisha akatazama simu. Namba zilikuwa zinapanda kuliko siku zote za maisha yake.

Ninyi mngefanya nini? Msijibu haraka. Mtu asinitikisie kichwa hapa.

Kijana akasema, "Tabasamu, mpenzi. Tuko laivu."

Akachukua kile kipande kwa mkono wake. Kibichi. Akakitia mdomoni, akatafuna. Akakigeukia kioo cha simu, akanyanyua dole gumba, midomo imeloa damu, akasema, "Tamu, familia! Tamu balaa!" Akameza.

Binti alimtazama akimeza. Akalaza kisu mezani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akamshika mama yake mkono. "Mama, tuingie ndani." Wakaingia, na mlango ukafungwa, na ukasikika ukikomewa kwa ndani. Na kijana bado anatabasamu kwenye simu, dole bado liko juu, kwa sababu hakujua tena namna ya kuliteremsha mbele ya watu.

Usiku ule alipata wafuasi wengi kuliko alivyowahi kupata. Video yake ilizunguka nchi nzima. Wengine wanacheka, wengine wanatapika, lakini wanatazama. Kwa hesabu za simu, ile ndiyo siku aliyofanikiwa.

Kimya. Mbona kimya? Mlikuwa mnacheka vizuri tu.

Wapendwa, tusiisingizie simu. Simu haikumtoa mbuzi motoni. Simu ni kitu kizuri. Kuna dada hapa kanisani anauza maandazi yake kupitia simu, na maandazi yenyewe yameiva, nimeyala. Na wala tusimlaumu kijana kwamba alikuwa mbichi. Kila fundi unayemjua aliwahi kuwa mbichi. Kinachonishtua, kinachonifanya niwaambie habari hii kwa sauti namna hii, ni kwamba aliambiwa ukweli na mtu anayempenda, moto ukiwa unawaka hatua chache tu, na akachagua makofi.

Na sisi je? Wewe uliyehitimu juzi na tayari unafundisha wenzako utajiri kwa video, umekaa kwenye gari la shemeji yako. Wewe mzazi unayerusha vyeti vya mtoto kwenye kundi la ukoo na hujawahi kukaa naye akusomee ukurasa mmoja. Sisi wanakwaya tunaojua kupangilia sare za kurekodia, na wimbo wenyewe sauti ya tatu haijui inapoanzia. Tunajipaka asali. Tunajiona tumefika. Na wengine wetu hapa hatuchomi chochote, kazi yetu ni ile ya mzee wa tai: ndugu yetu anakula mbichi mbele yetu, na sisi tunaandika, "Hongera sana, mkuu!"

Kuna mtu ananirekodi tangu nianze, pale nguzo ya pili. Sikukatazi. Ila nakuuliza, kijana wangu, umenisikia?

Sikilizeni. Mungu wetu si mfuasi wa mtu mtandaoni. Haangalii ndafu kwa juu akabonyeza moyo. Yeye anakata. Siku moja kisu kitaingia, kwenye kazi yako, kwenye ndoa yako, kwenye huo ujuzi unaoutangaza, na kitakachotoka kitatoka. Lakini leo hajakata. Leo yuko karibu kabisa na sikio lako, hajakutukana, hajakuita mwongo. Anasema moto bado unawaka, twende, nitakaa na wewe hapo hapo.

Utanuka moshi. Macho yatakutoka machozi. Watakaokuona wamekuona.

Haya, nani anasimama?