Sumu Aliyosingiziwa Colombe

Wahenga walinena kwamba umdhaniaye ndiye kumbe siye. Walitujua vyema. Sisi binadamu tukipatwa na jambo, kidole humwelekea aliye karibu, hasa akiwa mke wa mtu.

Colombe alikuwa muuza sambaza, visamaki vidogo vya ziwani, katika soko la Kadutu. Mumewe, Jean-de-Dieu, karani wa ofisi moja mjini Bukavu, aliumwa tumbo mwaka mzima. Kila tonge lilimchoma, akakonda akabaki mifupa na ngozi. Je, alikwenda kwa daktari? Thubutu! Dada yake, Francine, alimpeleka kwa mganga. Mganga akamtapisha, akaonyesha kipande cha nyama ndani ya beseni, akatamka neno linaloogopwa mjini kote: karuho, sumu ya kumuua mtu polepole.

Kesho yake Francine alishuka sokoni, akapindua sinia la Colombe, sambaza zikamwagika matopeni.

"Mulozi! Unamukulisha kaka yangu karuho mu bugali!"

Tangu hapo hakuna aliyenunua kwake. Jean-de-Dieu, msomi mzima mwenye diploma ukutani, akamfukuza mkewe na kumnyima watoto. Aibu iliyoje!

Colombe hakulia. Aliingia katika kikao cha familia amefura kwa hasira.

"Mulinifukuza, sawa. Lakini mbele ya yote, docteur aangalie mu tumbo yake. Akikuta karuho, mimi mwenyewe nitaenda ku polisi."

Familia ikakubali. Hospitalini, Daktari Évariste alipitisha mpira mwembamba wenye kamera kooni mwa mgonjwa hadi tumboni. Kwa koleo dogo alinyofoa vipande viwili vya utando wa tumbo, vidogo kama punje za mchele. Kimoja alikipeleka maabara, kingine akakitia katika dawa ya njano.

"Kama mikrobe, kadudu ka ugonjwa, iko, hii rangi itageuka," aliwaambia.

Wote walikodoa macho. Saa moja haikuisha, njano ikawa nyekundu. Baada ya wiki, maabara nayo ikathibitisha.

"Papa, hii si karuho. Ni mikrobe, pengine unayo tangu ukiwa mutoto. Utakunywa dawa siku kumi na ine."

Ile nyama ya kwenye beseni, basi, ilikuwa imetiwa na mganga mwenyewe!

"Unisamehe, Colombe. Turudi ku nyumba," Jean-de-Dieu alisema, macho chini.

"Ku nyumba? Mulinichafua mu soko. Mutanisafisha kule kule."

Jumamosi, soko likiwa limefurika, ndugu hao wawili walisimama kwenye matope yaleyale. Jean-de-Dieu alisoma karatasi ya hospitali, akakiri kwamba alimsingizia mkewe. Francine alinong'ona neno la msamaha.

"Sauti, maman Francine!" Colombe alifoka, watoto aliokuwa amenyimwa wamemshika kitenge. "Siku ile ulikuwa nayo!"

Francine akapaza sauti, hadi wauza mawese wa mwisho wa soko wakasikia: Colombe hakumlisha mtu sumu. Hakika, umdhaniaye ndiye kumbe siye.